Dawa ya Mti Nayo Ina Kipimo: Funzo la Mkonge wa Kigombe kwa Wagonjwa wa Viungo

Msafiri atokaye Tanga mjini kwenda Pangani kwa njia ya pwani hupita Kigombe. Upande wa mashariki huona bahari, ngalawa zilizotiwa nanga, na wanawake waendao kwenye mwani maji yanapokupwa. Upande wa magharibi huona safu za mkonge. Baina ya bahari na mkonge huishi watu ambao riziki yao hutegemea mikono na magoti: kuvuta nyavu, kuchokoa pweza, kufunga mwani kwenye kamba, kukata majani ya mkonge, kusuka makuti. Mahali kama hapo maumivu ya viungo si jambo dogo. Mkono usioweza kufumba ngumi asubuhi ni mkono uliokosa kazi siku hiyo, na nyumba yenye mkono huo huanza kuhesabu upungufu kabla ya jua kutua.

Mtu anapopatwa na maumivu hayo, aghalabu haanzii zahanati. Huanzia uani. Majani ya mnyonyo hupashwa moto na kufungwa juu ya goti lililovimba. Mafuta ya karafuu huchanganywa na mafuta ya nazi kwa ajili ya kuchua. Tangawizi na manjano huchemshwa, habasoda hutafunwa, ubani hutiwa katika maji ya kunywa. Yasipofaa hayo, huitwa mganga wa tiba asili, au hununuliwa unga uliofungwa katika karatasi kutoka kwa mchuuzi apitaye siku ya gulio. Zahanati huja mwisho, na mgonjwa afikapo huko huficha yote yaliyotangulia.

Juu ya desturi hiyo kuna rai mbili zinazopingana, na kila moja ina wafuasi wengi. Ya kwanza husema kwamba dawa ya mti haina madhara, kwa sababu ni ya asili. Ya pili, inayosikika zaidi katika vituo vya afya, husema kwamba dawa ya mti ni ujinga, na atumiaye anastahili kukaripiwa. Rai zote mbili si sahihi, na zote mbili huwaumiza wagonjwa. Ushahidi wa hayo hauhitaji kutafutwa mbali. Umesimama mashambani Kigombe kwenyewe, safu kwa safu.

Jina moja, magonjwa mengi

Kabla ya kuuliza dawa ipi inafaa, ni lazima kujua ni ugonjwa upi unaotibiwa. Lugha ya Kiswahili imerithi jina baridi yabisi kutoka katika tiba ya kale ya Waarabu na Wayunani, iliyogawa hali za mwili katika joto na baridi, rutuba na ukavu. Yabisi maana yake ni kavu. Kwa mujibu wa elimu hiyo, kiungo kilichokakamaa kilikuwa kimeingiwa na hali ya baridi na ukavu, na tiba yake ilikuwa kukirudishia joto na unyevu: kuchuliwa kwa mafuta, kufukizwa, kunywa vitu vya moto kama tangawizi. Mantiki hiyo ilikuwa na mpangilio wake, na baadhi ya matendo yake humpa mgonjwa nafuu hadi leo, kwani joto na kuchuliwa hulegeza misuli iliyokaza.

Lakini jina hilo moja limefunika maradhi mengi yasiyofanana. Ugonjwa ambao madaktari leo huuita baridi yabisi kwa maana yake halisi ni ule ambao kinga ya mwili huugeukia mwili wenyewe, ikashambulia utando laini unaofunika kiungo kwa ndani. Hupata wanawake mara mbili hadi tatu zaidi ya wanaume. Aghalabu huanzia katika viungo vidogo vya vidole na viganja, mikono yote miwili kwa pamoja, na mgonjwa huamka akiwa amekakamaa kwa muda wa saa moja au zaidi. Usipodhibitiwa, utando uliovimba hula gegedu na mfupa, na vidole huanza kupinda. Uharibifu huo huweza kuanza ndani ya miaka miwili ya mwanzo, na mfupa ulioliwa haurudi.

Jongo ni ugonjwa mwingine. Asidi ya mkojo hujikusanya katika damu, ikaganda kama chembechembe za chumvi ndani ya kiungo, mara nyingi katika dole gumba la mguu, na maumivu yake huja ghafla usiku. Kusagika kwa viungo kunakotokana na umri na kazi nzito ni jambo la tatu. Kifua kikuu huweza kuingia katika uti wa mgongo au nyonga. Usaha huweza kujaa katika goti, na hapo siku mbili za kuchelewa hutosha kuliharibu goti hilo. Selimundu huleta maumivu ya mifupa kwa watoto na vijana. Chikungunya, homa iliyotambuliwa kwa mara ya kwanza kusini mwa Tanganyika katika mlipuko wa mwaka 1952 na 1953, ilipewa jina la Kimakonde linaloeleza jinsi mgonjwa anavyopinda kwa maumivu ya viungo.

Majani yale yale ya mnyonyo hufungwa juu ya yote haya. Kwa goti lililochoka kwa kazi, pengine hakuna hasara. Kwa goti lenye usaha, kila siku inayopita ni hasara kubwa.

Mkonge na kotisoni

Mkonge si mmea wa asili ya Tanga. Uliletwa mwaka 1893 na mtaalamu wa kilimo wa Kijerumani, Richard Hindorf, kutoka Florida kwa njia ya Hamburg. Katika vikonyo elfu moja alivyoagiza, ni 62 tu vilivyofika hai, vikapandwa Kikogwe karibu na Pangani. Kutokana na hivyo yalizaliwa mashamba yaliyoifanya Tanga ijulikane duniani. Kwa miaka mingi thamani ya mkonge ilihesabiwa kwa nyuzi peke yake. Jani linapopita katika korona, nyuzi zinazopatikana ni sehemu ndogo sana ya uzito wake. Sehemu nyingine yote, yaani maji na nyama ya jani, hutiririka nje kama taka yenye harufu kali, na maji yake huwasha ngozi ya mfanyakazi.

Wakati taka hiyo ikitupwa, jambo kubwa lilitokea mbali. Mnamo Septemba 1948, katika hospitali ya Mayo Clinic nchini Marekani, Dakta Philip Hench alimchoma sindano ya dawa mpya mwanamke wa miaka 29 ambaye baridi yabisi ilikuwa imemfanya ashindwe karibu kabisa kutembea. Baada ya siku chache mwanamke huyo alitembea. Dawa hiyo ilikuja kuitwa kotisoni, nayo ni sawa na kemikali itolewayo na tezi zilizo juu ya figo. Mwaka 1950 Hench, pamoja na wanakemia Edward Kendall na Tadeus Reichstein, walipewa Tuzo ya Nobel.

Tatizo lilikuwa kuipata dawa yenyewe. Mwanzoni ilitengenezwa kutokana na nyongo ya ng'ombe kwa hatua nyingi mno, na kiasi kilichopatikana kilikuwa kidogo. Wanasayansi wakaigeukia mimea. Wengine walikwenda Mexico, ambako viazi vikuu vya porini vilikuwa na kiambata kilichokaribiana na steroidi. Wengine walichunguza Strophanthus, jamii ya mimea ya Afrika ambayo baadhi yake hutumika kutengenezea sumu ya mishale. Na mwaka 1951, watafiti wa Uingereza walieleza kwamba taka ya mkonge wa Afrika Mashariki ina hekojenini, kiambata ambacho umbo lake la kikemia linaweza kubadilishwa hatua kwa hatua hadi kuwa kotisoni. Kampuni ya Glaxo ilitumia hekojenini ya mkonge kutengeneza kotisoni na baadaye steroidi nyingine zenye nguvu zaidi. Maji yale yale yaliyokuwa yakimwagwa nyuma ya korona yakawa mali ghafi ya mojawapo ya dawa kubwa za karne iliyopita.

Habari hii huweza kusikika kama ushindi wa dawa za miti, na kwa sehemu ni kweli. Lakini ina upande wa pili ambao haupaswi kuachwa. Vizazi vya watu wamekata mkonge huku magoti yao yakiuma, na hakuna aliyepona kwa kuunywa mkonge. Hekojenini si kotisoni. Ilihitaji kutenganishwa na uchafu, kuchemshwa na asidi, na kupitishwa katika hatua nyingi za maabara kabla ya kuwa dawa. Kilichomo ndani ya mmea na kile kinachomponya mgonjwa havikuwa kitu kimoja. Baina yao kulikuwa na kazi ya kupima.

Na hata baada ya kupimwa, dawa hiyo ilidhihirisha makali yake. Haikupita miaka mingi kabla madaktari hawajaona kwamba wagonjwa waliopewa kotisoni kwa wingi na kwa muda mrefu walivimba uso, sukari na shinikizo la damu vilipanda, mifupa ikawa dhaifu, na maambukizi yakapata mlango. Wale walioiacha ghafla waliweza kuzimia, kwa kuwa tezi zao zilikuwa zimezoea kupumzika. Hivyo dawa iliyomwinua mgonjwa kitandani kwa siku chache iliweza kumrudisha humo kwa miaka. Nguvu na madhara vilikuwa katika tone moja.

Yanayojulikana kuhusu miti mingine

Funzo la mkonge huonekana pia katika mimea mingine inayohusishwa na viungo.

Gome la mti wa Ulaya uitwao Salix lilitumika tangu zamani kwa homa na maumivu. Kiambata chake, salisini, kiliwaongoza wanakemia hadi aspirini, iliyoanza kuuzwa mwaka 1899. Aspirini imewafaa mamilioni ya watu, na pia imewatoboa wengi vidonda vya tumbo.

Katika vichaka vya pwani ya Afrika Mashariki huota mmea utambaao, Gloriosa superba, wenye maua mekundu na ya manjano yaliyosimama mfano wa ndimi za moto. Kiazi chake na mbegu zake zina kolkisini, ambayo hadi leo ni mojawapo ya dawa za jongo. Lakini baina ya kipimo cha kolkisini kinachotuliza dole gumba na kipimo kinachoua, nafasi ni nyembamba sana. Kidonge cha hospitali hupimwa kwa sehemu za miligramu. Kiazi kilichochimbwa kichakani hakina mtu aliyekipima, na kiazi kimoja huweza kuwa na sumu nyingi kuliko kingine kilichoota hatua kumi kutoka hapo. Hali kadhalika mnyonyo: jani lake lililopashwa moto hufungwa gotini bila madhara makubwa, ilhali mbegu yake ikitafunwa hutoa risini, sumu inayoweza kuua.

Tangawizi na manjano ni wapole zaidi. Majaribio kadhaa yameonyesha kwamba hupunguza kwa kiasi maumivu ya goti lililosagika. Kurkumini, kiambata cha manjano, katika maabara huzuia baadhi ya kemikali zinazochochea uvimbe. Hata hivyo utumbo hufyonza kidogo sana, kwa hiyo yanayoonekana katika chupa ya maabara hayatokei lazima katika mwili wa mtu. Watengenezaji wengine huongeza kiambata cha pilipili manga ili kurkumini iingie zaidi katika damu, na kwa njia hiyo hiyo huweza kubadilisha kiasi cha dawa nyingine alizokunywa mgonjwa. Zimeripotiwa pia ajali za ini kwa waliotumia vidonge hivyo vyenye nguvu. Manjano ya mchuzini ni chakula. Manjano ya kidonge ni dawa, na yastahili kuheshimiwa kama dawa. Pilipili nayo imetoa kapsaisini, inayotiwa katika malhamu ya kupaka juu ya viungo vinavyouma, na hiyo ni miongoni mwa tiba za mimea zilizokubaliwa hospitalini bila ugomvi.

Mfano ulio wazi kuliko yote hutoka China. Mmea uitwao Tripterygium wilfordii umetumiwa huko kwa baridi yabisi, na mwaka 2014 jaribio la kitabibu lilionyesha kwamba dondoo lake liliweza kushindana na methotreksati katika kutuliza ugonjwa. Hapana shaka basi kwamba mmea huweza kuugusa ugonjwa wenyewe na si maumivu tu. Lakini mmea huo huo huweza kukatisha hedhi ya mwanamke na kuharibu mbegu za mwanamume. Anayeuliza kama dawa za miti hufanya kazi amekwisha kujibiwa: baadhi yake hufanya. Swali linalobaki ni kwa kipimo kipi, kwa nani, kwa muda gani, na kwa gharama gani ya mwili.

Unga usio na jina

Liko jambo moja linaloipa mada hii uzito wa haraka. Katika nchi nyingi, maabara zimegundua kwamba baadhi ya bidhaa zinazouzwa kama dawa za miti kwa ajili ya viungo zimetiwa steroidi au dawa za maumivu kwa siri. Mwaka 2022 mamlaka ya dawa ya Marekani iliwaonya wananchi dhidi ya virutubisho vilivyouzwa kwa jina la Artri King, baada ya kugundua ndani yake deksamethasoni na diklofenaki ambazo hazikuandikwa kwenye chupa. Wagonjwa waliamini kwamba wanakunywa mimea. Walikuwa wakinywa steroidi.

Dalili za bidhaa ya namna hiyo zafahamika. Mtu aliyeteseka miezi sita anakunywa unga, na kesho yake anaruka kama kijana. Sifa za muuzaji huenea kijiji kizima. Baada ya miezi kadhaa uso huwa wa mviringo, miguu huvimba, sukari hupanda, na kidonda kidogo hakiponi. Anapoacha unga kwa kukosa fedha, maumivu hurudi mara mbili na nguvu humwishia. Mhudumu asiyejua habari za unga atatafuta kisukari, atatafuta figo, atatafuta moyo, na hataona chanzo.

Ndipo funzo la mkonge linapogeuka kuwa uchungu. Jamii ya dawa ambayo sehemu yake ilizaliwa katika taka za mashamba ya Afrika Mashariki huweza kurudi pwani hiyo hiyo imefichwa ndani ya karatasi, bila jina, bila kipimo, ikiuzwa kwa mtu ambaye pengine babu yake alikata mkonge. Anayesema kwamba vya asili havina madhara humwachia mgonjwa huyo mlango wazi. Na anayekaripia kila mtumiaji wa dawa za miti humfanya mgonjwa huyo afiche ule ukweli ambao ungemwokoa.

Swali moja katika zahanati

Rai inayotolewa hapa ni fupi. Kila mgonjwa wa viungo aulizwe, kwa heshima na bila kukaripiwa, ametumia dawa gani nyumbani. Jibu lake liandikwe. Na dawa ya mti ipimwe kwa mizani ile ile inayopimia dawa ya hospitali.

Namna ya kuuliza ina uzito wake. Bibi aliyevua pweza miaka arobaini hajibu swali la kijana anayemtazama kwa dharau. Mazungumzo yanayofaa huanza kama yanavyoanza mazungumzo yote ya pwani:

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu."

"Pole na maumivu. Vidole hivi vimekutesa tangu lini?"

"Tangu mfungo uliopita. Asubuhi siwezi hata kushika kikombe."

"Na huko nyumbani bibi umejitibu na nini? Watu wetu wana dawa zao, nami nataka nizijue nisije nikakupa kitu kikagombana nazo."

Kwa sentensi hiyo ya mwisho, bibi hakuitwa mjinga, wala mwenye kosa. Ameitwa mtu mwenye habari ambazo mhudumu anazihitaji. Atataja mnyonyo, atataja habasoda, na mwishowe atataja unga wa karatasi alioununua guloni. Huo wa mwisho ndio uliokuwa ukitafutwa. Mhudumu atamwomba auonyeshe siku nyingine, wala hatamwamuru autupe na kuuacha siku ile ile, kwani kama una steroidi, kuuacha ghafla huweza kumwangusha. Atapima shinikizo na sukari, na atampeleka kwa daktari.

Yapo mapingamizi ya haki. Mhudumu wa zahanati huwa na foleni ndefu na dakika chache. Hilo ni kweli. Lakini swali hilo huchukua nusu dakika, ilhali kutolijua jibu hugharimu safari tatu za bure. Pingamizi la pili lina uzito zaidi: mgonjwa haendi kwa mchuuzi kwa sababu ya ujinga tu, bali kwa sababu tiba ya uhakika iko mbali. Wataalamu wa magonjwa ya viungo nchini ni wachache. Methotreksati, dawa ya msingi ya baridi yabisi, haitolewi katika zahanati ya kijiji. Huhitaji vipimo vya damu na ini, humezwa mara moja kwa wiki na kamwe si kila siku, na haifai kwa mwanamke mjamzito. Anayemwambia mama wa Kigombe aache miti bila kumwonyesha njia ya kuifikia dawa hiyo, amemnyang'anya fimbo bila kumpa mkongojo. Kwa sababu hiyo rufaa iandikwe mapema, wakati vidole vingali vimenyooka, na mgonjwa aelezwe kwa nini nauli ya kwenda Muheza au Tanga mjini mwaka huu ni ndogo kuliko gharama ya mikono iliyopinda mwaka ujao. Na wanaopanga huduma wajue kwamba kila hatua inayoongezeka baina ya kijiji na dawa hiyo ni mteja mmoja zaidi wa unga usio na jina.

Pingamizi la tatu hutoka kwa waganga wa tiba asili, wanaohofia kwamba elimu yao itachukuliwa na wao wasipate kitu. Hofu hiyo haiwezi kupuuzwa na yeyote anayeijua habari ya mkonge. Hekojenini ilipelekwa, dawa ikatengenezwa ng'ambo, na mkata mkonge aliendelea kulipwa kwa hesabu ya matita ya majani. Lakini mambo hayako tena kama yalivyokuwa. Tanzania ina Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002, iliyounda baraza la kusajili waganga na dawa zao. Muhimbili ina Taasisi ya Tiba Asili, iliyoanza kama kitengo cha utafiti mwaka 1974. Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali huweza kuchunguza kilichomo ndani ya unga. Wilaya ya Muheza, ambamo Kigombe imo, imebeba historia ya uchunguzi wa mimea tangu Wajerumani walipoanzisha taasisi yao ya Amani katika milima ya Usambara Mashariki mwaka 1902. Na watu wa Tanga na Pangani wanakumbuka jinsi waganga wa tiba asili na madaktari walivyokaa mkeka mmoja kuwahudumia wagonjwa wa UKIMWI katika miaka ya 1990, kabla dawa za kufubaza virusi hazijapatikana kwa wingi. Ushirikiano huo ulijengwa juu ya kusikilizana, na ulidumu kwa kuwa kila upande ulikubali kupimwa.

Mganga mwaminifu hana cha kupoteza katika mizani. Akiwa na jani linalotuliza goti, mizani itamthibitisha na kumpa haki yake. Anayepaswa kuiogopa ni yule aliyechanganya deksamethasoni katika unga wa magome.

Kwa mgonjwa

Mgonjwa naye ana sehemu yake, nayo si ngumu. Ajue kwamba kuamka na vidole vilivyovimba na kukakamaa kwa zaidi ya wiki sita si uzee, hata awe na umri gani, bali ni sababu ya kumwona daktari. Kiungo kimoja kilichovimba ghafla pamoja na homa hakisubiri mpaka kesho. Kuchuliwa, kukandwa kwa maji ya moto, tangawizi ya chai na manjano ya mchuzi havikatazwi, maadamu havichukui nafasi ya tiba. Mizizi na mbegu asizozijua asizimeze. Dawa inayoponya kwa usiku mmoja aitilie shaka, wala asiisifu kabla ya kujua kilichomo. Anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda, za kisukari au za shinikizo la damu ataje kila kitu anachokunywa, kwani baadhi ya mimea hugombana na dawa hizo. Na anayekwenda kliniki aichukue karatasi ya unga, aifunge vizuri mkobani, amwonyeshe mhudumu.

Mwani wa Kigombe utafungwa na mikono ile ile kesho na keshokutwa. Iwapo mikono hiyo itabaki imenyooka baada ya miaka kumi ni jambo litakaloamuliwa kwa sehemu kubwa na lile linalosemwa, au linalofichwa, mezani kwa mhudumu wa zahanati katika miezi ya mwanzo ya ugonjwa. Aulizaye na aulizwe wote wana wajibu wa kusema kweli.